Gari Jekundu la Harusi ya Dada

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta vitenge, nikakuta watu wamejazana katikati ya barabara. Nikadhani wamekamata mwizi. Kumbe gari. Jekundu, bapa, limelala chini kiasi kwamba msukuma mkokoteni alikuwa analitazama paa kwa juu. Lilikwama kwenye foleni, linanguruma bila kusogea hata hatua moja, na vijana wanalipiga picha. Nilicheka peke yangu mpaka muuza vitenge akaniuliza, “Vipi mama, unalijua hilo?” Nikamwambia tulikuwa nalo nyumbani. Akanitazama viatu, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Wewe nitakueleza, maana najua hutanitazama viatu. Tulikuwa nalo kweli. Tulilitengeneza wenyewe, uani kwetu, miaka ile ya Ujamaa, wakati hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kupanga foleni.

Baba yangu alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya kupelekea watoto shule za bweni. Siku moja alinunua karanga, zikaja zimefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la kigeni. Alipomaliza karanga akakunjua karatasi, na humo ndani mlikuwa na gari. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwepo, na nakuapia sijapata kumwona baba akitazama kitu namna ile. Picha ilionyesha upande mmoja tu, na mafuta ya karanga yalikuwa yamelila gurudumu la nyuma. Baba akasema huo upande mwingine Mungu atajalia.

Bodi aliikata kwanza kwa maboksi, kama fundi cherehani anavyokata patani ya gauni, kisha akaipigia kwenye mapipa aliyoyapasua na kuyanyoosha. Fundi magari jirani yetu, mtu wa Kilimanjaro, alikuwa na mabaki ya kigari kimoja cha mgongo wa kobe: injini nzima, magurudumu mazima, bodi imekwisha. Akayaleta, akabaki, akawa anakula kwetu kila jioni. Viti vilijazwa usumba wa nazi. Kioo cha mbele kilitoka kwenye dirisha la basi bovu. Kazi yangu mimi ilikuwa msasa. Nikitoka shule navua sare, nakula mihogo yangu, kisha nasugua boneti mpaka vidole vinawaka. Nyundo zilianza baada ya Alfajiri, na mtaa mzima ukawa unaamkia kwetu.

Aliyechoka mapema ni bibi, mama yake baba. Nyumba ilikuwa yake, ua wake, na jiko lake la mkaa lilikuwa limehamishiwa karibu na choo kupisha hilo dude. Dada alipochumbiwa na kijana wa Mchikichini, bibi akatoa hukumu mbele yetu wote: “Likimpeleka mjukuu wangu kwa mumewe, libaki. Lisipompeleka, Jumatatu unalikata masanduku. Na nitakushikia taa.”

Baba akaapa litampeleka. Dada naye alikuwa ameshatangaza kwa wasichana wote wa mtaani kwamba anatolewa kwa gari jekundu, na ukishatangaza Kariakoo hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo miezi miwili tuliishi kama wagonjwa wa homa. Rangi ilipopatikana, kopo moja tu, haikutosha upande wa kulia. Baba akasema basi dada atapandia kushoto, na wageni wapangwe huko huko.

Harusi ilipangwa Jumapili, baada ya Alasiri. Asubuhi uani kulinuka pilau na petroli kwa pamoja. Injini iligoma, ikakohoa, ikagoma tena, na fundi jirani alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kanisani na suruali yake nzuri. Ilipokaribia saa nane na nusu ikawaka. Ee! Kuku waliruka ukuta. Mama alipiga vigelegele na mwiko mkononi, baba akamkumbatia fundi, na mimi nililia kwa furaha bila kujua ninalia nini. Hata bibi alisogea akaligusa tairi kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto la chuma.

Hapo ndipo akaingia mjumbe wetu wa nyumba kumi. Akaketi, akapewa sahani yake ya pilau, akala matonge mawili, akauliza, “Sasa msafara saa ngapi?”

“Saa kumi na nusu, mjumbe,” baba akajibu.

“Na hilo gari?”

“Ndilo linalombeba bibi harusi.”

Mjumbe akaweka sahani chini. “Jamani. Si leo Jumapili?”

Miaka ile gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi kutembea Jumapili baada ya saa nane, kwa kubana petroli. Nchi nzima ilijua. Na sisi tulijua, lakini tulijua kama unavyojua bei ya almasi. Ilikuwa amri ya wenye magari, na nyumba yetu tangu kujengwa ilikuwa ya watu wa miguu. Hata fundi jirani, aliyeshinda chini ya magari ya watu wiki nzima, Jumapili yake ilikuwa kanisa na usingizi.

Dada alisikia kutoka ndani. Kilio chake kilipita dirishani kikatukuta wote tumesimama. Bibi akageuka kulitazama jiko lake kule karibu na choo, na hilo ndilo lililotutisha.

Baba alikaa juu ya pipa kwa muda. Kisha akainuka, akachukua mpira, akanyonya petroli yote ya tangi, galoni moja aliyoihangaikia wiki tatu, akaimimina kwenye dumu. Akatema mate, akasema, “Amri inakataza kuendesha. Haikukataza kusukuma.”

Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote, kwa hiyo nikawekwa kwenye usukani. Dada aliinama kuingia garini mpaka shela ikagusa vumbi, na bibi, aliyekuwa kashika mlango, akamwambia, “Mtaka cha mvunguni sharti ainame.” Baba akaenda nyuma na fundi jirani, wakaja vijana wa mtaani, wakaja wabeba mizigo wa sokoni, wakaja wapiga tarumbeta, tukatoka. Kwa ufupi wangu nilikuwa simwoni mtu, naona boneti tu, ile niliyoisugua, inang'aa juani. Mtaa uliimba. Watu walitoka madukani wakaja kusukuma bila kuulizwa wanasukuma nini. Tulikwenda kasi, nakuambia, mpaka dada akaanza kucheka ndani ya shela.

Karibu na Mchikichini askari akapiga filimbi. Baba akaja mbele, kanzu imelowa jasho.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Hili gari binafsi linatembea saa hizi?”

“Halina petroli, afande. Angalia.”

Askari akafungua tangi, akatumbukiza kijiti, kikatoka kikavu. Akalizunguka gari, upande wenye rangi na upande usio na rangi. “Kwa hiyo huu ni mkokoteni.”

Nilimtazama baba. Miezi minane ya nyundo. Akafuta jasho kwa mkono wa kanzu.

“Ndiyo, afande,” akasema. “Mkokoteni.”

Askari akasimamisha mabasi, tukapita.

Usiku ule bibi alisema maneno machache tu: “Limempeleka. Libaki.” Jumatatu baba akarudisha petroli yake tangini, akamzungusha bibi mtaani mara tatu, kanga imefungwa kichwani isipeperuke. Baadaye petroli ikaadimika, kisha bati. Mwaka niliochaguliwa shule ya bweni, baba alilikata gari mwenyewe. Sanduku langu lilikuwa jekundu na mfuniko wake una mgongo, kwa sababu ulikuwa boneti. Wenzangu walinicheka, nami niliwaacha wacheke.

Baba hayupo, bibi hayupo, na pale uani pamesimama ghorofa la maduka. Juzi, nikiwa na vitenge vyangu kwapani, nilimtazama kijana aliyekuwa ndani ya lile gari jekundu akikanyaga mafuta bure, nikatamani kumgongea kioo nimwambie azime, tumsukume. Nikageuka kutafuta wa kusukuma nao. Walikuwa wengi sana, wote wamenyanyua simu.