Kucha Kumi za Mwende

Siku yangu ya kwanza thieta, chumba cha upasuaji, Sista Mkuu alinipa pamba na chupa ya asetoni, akanielekeza kwa mama aliyelala akisubiri kupasuliwa.

"Rangi ya kucha itoke yote," akasema. "Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi hawezi kukuambia amekosa hewa. Kucha ndizo zitakuambia. Zikianza kugeuka bluu, piga kelele."

Nikafuta kila kidole mara tatu, nikiogopa kuliko mgonjwa mwenyewe. Mimi ni mwoga, sikatai.

Nilifanya kazi hiyo mpaka kustaafu, kwanza hospitali kubwa ya umma, kisha hospitali ndogo ya kibinafsi katikati ya jiji. Nyinyi vijana mnaosomea uuguzi mna kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima hewa kwenye damu, lakini hata hicho rangi nzito hukidanganya. Kwa hivyo msinicheke na pamba yangu.

Huko mjini, Daktari wa Usingizi, mzee mkali asiyependa maswali, ndiye aliyenifunza matuta ya kucha.

"Tuta la wima, linaloshuka toka kwenye ngozi mpaka ncha, mara nyingi ni umri tu, kama mvi. Lakini la kukingama, linalokata ukucha kama mtaro, liulizie. Likiwa kwenye kidole kimoja, pengine kilibanwa na mlango. Likiwa kwenye vyote kumi, mwili ulipigwa na ugonjwa mkali, ukaacha kwanza kuziotesha kucha."

"Na nitajuaje ni lini?"

"Ukucha mzima huota kwa miezi sita hivi. Hesabu mwenyewe."

Tangu hapo sikumsalimia mtu bila kumtazama vidole, na kila tuta lilinipa hofu. Wenzangu walinicheka. Niliwajibu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, niko kwangu Riruta, nikaona matuta kwenye vidole gumba vyangu. Ya wima. Nilijua ni umri, na bado siku mbili chakula hakikupita. Woi! Niliwaza figo, nikawaza moyo, nikawaza nani atabaki na Mwende, binti yangu wa pekee, mtu mzima wa miaka thelathini anayejitegemea kule mtaa wa Jamhuri. Nikampigia simu, akanipeleka kliniki Kinoo. Daktari, msichana mdogo tu, akanishika vidole kama vya nyanya yake, akatabasamu.

"Shosho, huu ni uzee. Paka mafuta, uende nyumbani."

Mwende alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaziba mdomo kwa mkono, na hapo ndipo nikaona: kucha nyekundu, rangi nzito. Mwende wangu hajawahi kupaka rangi maishani mwake.

Tulipofika nyumbani nikatoa asetoni.

"Aii, Mum! Hii nimepaka jana tu!"

"Itoke yote."

Kidole cha kwanza, mtaro. Cha pili, mtaro. Vyote kumi, katikati kabisa ya ukucha. Katikati ni miezi mitatu.

"Miezi mitatu iliyopita uliniambia uko semina Mombasa, wiki mbili. Ulikuwa wapi?"

Akavuta vidole vyake, akasema, "Hospitali. Nimonia. Siku nne nilikuwa kwa oksijeni."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mwende! Mimi ni muuguzi! Mbona hukuniita?"

"Ungeogopa, Mum. Sikuwa na nguvu ya kuugua na tena nikutulize."

Siku nne mwanangu akitafuta pumzi, na mtu asiyemjua ndiye aliyetazama kucha zake zisigeuke bluu. Nilikuwa nimetazama vidole vya nusu ya Nairobi.

Chini ya mtaro, karibu na ngozi, ukucha ulikuwa umeota laini. Hiyo ni dalili njema, ugonjwa umepita. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya kazini, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Wiki iliyopita akanipigia. "Mum, nina kikohozi, na kifua kinauma."

Nilikaa chini kwanza. Nikaitafuta ile sauti ya kazini.

"Sawa," nikasema. "Nakuja."