Futing ya Tata Dodo

Dodo Banza, tuliyemwita Tata, yaani baba, kwa heshima, alikuwa fundi wa pampu mgodini, na katika miaka yote niliyomjua nilimwona akikasirika kwa mambo mawili tu: pampu inayovuja na mtu anayemwacha mwenzake nyuma. La kwanza nilimwachia mwenyewe. La pili lilinihusu, kwa sababu mwenzake wa nyuma nilikuwa mimi.

Kila Jumapili alfajiri alitukusanya mbele ya nyumba yake, hapo mtaani kwetu Musonoi, twende futing. Ndivyo tulivyoziita mbio zetu. Alipiga filimbi mpaka majirani wakamlaani, kisha tukashuka bondeni. Tulipita bustani ya kando ya mto, ile ambayo kampuni ya shaba iliwapandia wakubwa wake zamani, yenye viti vya saruji na nyasi ambazo sasa zilitufika magotini, maana watunza bustani walikuwa hawajaona mshahara tangu lini sijui. Tulivuka daraja la miguu, tukaingia msitu wa miombo, tukapanda mpaka jasho likaingia machoni, tukatokea juu ya reli. Kutoka hapo ni mteremko mpaka stesheni, halafu tunageuka kurudi. Njia ile niliilalamikia kila wiki. Lakini asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji na ndege wakigombana matawini, nilifurahi sana, ila Dodo sikumwambia.

Sheria yake ilikuwa moja.

“Ule wa polepole anaendaka mbele,” alisema. “Bengine bote banamufwata.”

Basi mimi Kalumba, pamoja na tumbo langu, nilikimbia mbele ya watu wote. Wageni walidhani mimi ndiye mkubwa wa kundi, wakanipungia mkono kwa heshima. Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Nyuma yangu alikuja Mulumba, mwongoza nyimbo wetu, fundi umeme mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mke wake, Tshiela, aliuza maandazi mbele ya nyumba yao na alitucheka kila tulipopita. Alikuwa mama mnene, mwenye maneno. Alisema mtu mzima anayekimbia bila kufukuzwa na kitu apelekwe hospitali.

Ukaja mwaka wa tisini na tatu. Mgodi ulikuwa umezorota, mishahara imekuwa hadithi, na watu wenye njaa wakaambiwa kwamba njaa yao imeletwa na Wakasai. Mulumba asili yake ni Kasai, mkoa wa mbali. Baba yake ndiye aliyekuja kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapa hapa, na hiyo Kasai hajawahi kuiona hata siku moja. Haikumsaidia. Vijana walikuja mlangoni kwake wakamwambia arudi kwao, la sivyo nyumba itachomwa naye akiwa ndani. Wale vijana nilikuwa nawajua. Mmoja wao nilimsimamia ubatizo. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na wanaonijua wataelewa maana yake.

Stesheni ilikuwa imejaa familia za Wakasai zikilala nje, zikingoja treni. Watoto wa Mulumba walikuwa wametangulia na shangazi yao. Walibaki yeye na Tshiela, na treni ilisemekana itaondoka Jumapili. Shida ilikuwa kufika. Barabarani vijana waliweka vizuizi, na Mkasai akipita hapo ananyang'anywa mzigo na kupigwa. Jirani yao mmoja alifikishwa stesheni akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, kama machela.

Jumamosi Dodo alikuja kwangu, hakukaa hata kwenye kiti. Alisema kesho futing ipo, na Mulumba na mkewe watakuja nasi. Mwisho wa njia yetu, kwenye mteremko, nako kulikuwa na kizuizi, lakini vijana wa pale walizoea kutuona tukipita na nyimbo zetu. Tshiela angekimbia katikati, amezungukwa na wanaume warefu, asionekane.

Asubuhi tuligawana mizigo. Mimi nilijifunga vitenge vya Tshiela chini ya nguo za michezo, nikawa mnene kuliko kawaida, jambo ambalo wengi walidai haliwezekani. Dodo alificha sufuria tumboni, ndani ya sweta. Tshiela alivaa suruali kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatuuliza kama sasa tumeridhika.

Mpaka darajani mambo yalikwenda vizuri. Msituni, kwenye kupanda, Tshiela akaanza kuhema. Na hapo mazoea yakatufanyia kazi yake. Aliyekuwa mbele yake akampisha, mwingine akampisha, mkono ukamsukuma taratibu mgongoni, kama tunavyofanya kila Jumapili kwa mtu aliyechoka. Dodo mwenyewe alimpisha. Mimi nilipomwona mbele yangu nilifurahi tu kwamba hatimaye amepatikana mzito kuliko mimi. Tuligutuka tulipotoka kwenye miti: kizuizi kile pale, na mtu wa kwanza kabisa ni Tshiela.

Kusimama haikuwezekana. Mteremko ule ukikushika, miguu haiombi ruhusa. Sauti ya Mulumba ilikatika katikati ya wimbo, na tukawa kundi la watu wanaokimbia kimya, kama wezi. Niliogopa, nasema wazi. Ndipo Tshiela, ambaye pumzi hakuwa nayo, akauokota wimbo mwenyewe. Aliuimba vibaya sana. Tukamwitikia kwa nguvu zetu zote.

Vijana walisimama. Aliyeshika mti wa kizuizi ni yule mtoto wangu wa ubatizo. Alimtazama Tshiela, na alimjua, kwa sababu Musonoi nzima ilikula maandazi yake. Kisha akanitazama mimi. Mwenzake akamuuliza huyu mama ni nani.

“Huyu njo kapita wa futing,” akajibu. “Mutu wa mbele njo mukubwa wabo. Muache bapite.”

Akainua mti. Wengine wakatupigia makofi tukipita.

Stesheni tuliingia kama timu iliyochukua kombe. Tulikumbatiana, tukacheka ovyo. Tshiela alikaa chini akatangaza kwamba vijana wangemuua mara moja tu, lakini sisi tumemuua njia nzima. Dodo alipoitoa sufuria tumboni, hata watu waliokuwa wamelala pale kwa wiki kadhaa walicheka. Mimi nilifungua vitenge kimoja kimoja, nao wakanishangilia.

Jua lilikuwa limeshapanda, na sisi ilibidi turudi kwa njia ile ile. Dodo akapiga filimbi. Tukajipanga, nikashika nafasi yangu mbele, tukaondoka. Nyuma yangu Mulumba akaanzisha wimbo, tukaitikia, tukakimbia kando ya reli na furaha yetu yote, na hakuna aliyeona kitu mpaka Tshiela alipoita.

“Tata Mulumba, unaenda fasi gani? Treni iko huku.”

Mulumba akasimama. Aliangalia njia ya kwenda nyumbani, akatuangalia sisi, kisha akageuka kwenda kwa mke wake. Dodo alilia pale pale mbele za watu, na mimi pia nililia.