Lugha Anayochezea Bibi Dorika

"Mama Damari, unaongea na nani huko shambani, mbona uko peke yako?"

Swali hilo Emiliana, jirani yake, alimuuliza Dorika akipita njiani na ndoo ya maji kichwani. Dorika alikuwa anapalilia vitunguu, mjukuu wake Belinda yuko mgongoni, hata kutambaa hajaanza.

"Naongea na huyu."

"Huyo? Anakujibu nini?"

"Ananipiga teke. Nikikosea ananipiga teke."

Emiliana alicheka mpaka maji yakamwagikia usoni. Lakini ndivyo Dorika alivyo. Amelea watoto wake na wa marehemu dada yake hivyo hivyo, kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, mikono ikiwa kazini. Akimenya viazi, anaficha kimoja chini ya kanga na kuuliza kimekwenda wapi. Akiosha vyombo, anampa mtoto kijiko na kumwomba uji ambao haupo, kisha anaunywa na kulalamika kwamba umemuunguza. Mtoto akitamka neno nusu, hamcheki. Analirudia zima, anaongeza jingine mbele yake, halafu anangoja. Huko kungoja wengi wetu hatukuwezi.

Damari, mama yake Belinda, anauza chakula kwa madereva wa malori pale Shelui, na mtoto amemwachia bibi yake. Mtoto alipoanza kusema, Damari alikuja akamwambia mama yake, "Mama, naomba sasa umsemeshe Kiswahili tu. Mimi nilichekwa darasani kwa kutokijua, mpaka nikaogopa kunyoosha mkono. Huyu asichekwe."

Dorika akatii, maana machozi ya wakati ule aliyafuta yeye. Ila Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kanisani. Kwa mtoto akabaki na "njoo," "kula," "acha," "lala." Uji wa kijiko haukuombwa tena. Nyumba ikapoa. Belinda naye, anakaribia miaka mitatu, akaanza kuonyesha vitu kwa kidole badala ya kuvitaja.

Damari alipokuja wakati wa kupura alizeti, alishtuka.

"Mama, mtoto haongei! Jumatatu naondoka naye. Pale ninapokaa kuna televisheni, atasikia Kiswahili kutwa nzima."

Dorika aliketi kwenye turubai akaendelea kupiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Mimi, jirani yao mwingine, nilikuwa nimekwenda kumsaidia, nikamwona anafuta macho kwa pindo la kanga. Nikamwombea kimoyomoyo.

Mara kuku akavamia mbegu. Dorika akajisahau, akamgeukia kwa Kinyiramba, nami nawaandikia kwa Kiswahili: "Wewe shemeji, umekuja kula tu? Fimbo yako ya kupigia alizeti iko wapi?"

Belinda akainuka upande wa pili wa turubai, mkono kiunoni. Naye kwa Kinyiramba akamwambia kuku, "Shemeji, nenda kwanza ukalete fimbo. Ukirudi bibi atakupa kidogo. Kidogo tu!"

Tulicheka wote kasoro Damari. Yeye alisimama na ungo wake mkononi, anamtazama mwanawe.

"Kumbe maneno yote hayo anayo?"

"Anayo," Dorika akasema. "Niliyenyamaza ni mimi."

"Na shule, mama? Si watamcheka?"

Dorika alimpakata Belinda, akamtoa makapi ya alizeti kwenye nywele moja moja, kisha akasema kwa upole:

"Jumatatu usimchukue, mwanangu. Wewe kila ukija cheza naye kwa Kiswahili, maana unakijua vizuri. Mimi naomba mniache nicheze naye kwa Kinyiramba."