Nafasi ya Vidole Viwili

Kama umewahi kuvaa nguo iliyoshonwa na Bi Futi, unajua kwamba haibani. Ukikaa haibani, ukila ukashiba haibani, na hata ukinenepa kidogo kimyakimya inakutunzia siri yako. Sababu yake ni ndogo tu. Kila alipompima mtu, iwe kiuno iwe bega, Bi Futi aliongeza vidole viwili kichwani mwake kabla ya kuandika. Mteja hakuambiwa, na daftari halikuonyesha. Mama yake alimfundisha hivyo, na mkono ukazoea, hata ikawa hawezi tena kuandika kipimo kitupu.

Jina hilo la Bi Futi alipewa kwa sababu ya utepe wa kupimia uliokaa shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Miguu yake ilipooza akiwa na miaka sita, kwa homa iliyokuja Jumatatu na kuondoka Ijumaa, ikaondoka nayo. Kwa hiyo cherehani yake ni ile ya kuzungusha kwa mkono, na kiti chake ni cha magurudumu. Tairi la kushoto lina kiraka cha ngozi alichokishona mwenyewe. Gurudumu likizunguka mara moja, kiraka kinaacha chini alama kama haragwe. Wateja wakiona maharagwe yamepita kwenye vumbi la mlangoni, wanajua fundi yuko ndani.

Kwa miaka ishirini na sita alikishonea mavazi kikundi cha maigizo cha mtaani kwao. Sasa, ukumbi wa kikundi hicho, mlango wake wa mbele una ngazi kumi na moja. Mlango wa nyuma, wa kuingizia mizigo, uko sawa na ardhi. Bi Futi akawa mtu wa mlango wa nyuma. Alikaa pembeni mwa jukwaa, kwenye upindo wa pazia, pini mdomoni na uzi mapajani, na katika miaka yote hiyo hakuona mchezo hata mmoja kutoka mbele. Mfalme akilia, yeye aliona mabega yanatikisika. Watu wakiangua kicheko, aliuliza baadaye, "Jamani, kilichochekesha ni nini?"

Huyo mfalme alikuwa kijana mmoja aliyepewa sehemu ya mfalme akiwa na miaka kumi na miwili, akavikwa joho lililokatwa kwenye pazia bovu, na jina likamganda: Mfalme. Alikuwa mwoga ajabu. Hakuweza kutamka neno la kwanza mpaka ageuke pembeni na kumwona Bi Futi. Bi Futi naye, kwa kuwa mdomo umejaa pini, aliitikia kwa kichwa mara moja tu. Maana yake, vifungo vyote vimefungwa, nenda. Ndipo Mfalme alipoanza.

Miaka ikapita. Mfalme akawa mtu mzima, akaenda nchi nyingine, akapata kazi katika jumba kubwa la maigizo, lenye safu za viti huwezi kuzimaliza kwa macho. Siku moja akatuma tiketi mbili. "Mama, njoo," aliandika. "Ila safari hii ukae mbele, unione uso."

Bi Futi aliisoma barua ile, akaikunja, akaitia kifuani, na mchana huo alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo.

Jumba lile lilikuwa na sharti lake. Mtu wa kiti cha magurudumu hapewi nafasi bila msaidizi, na msaidizi lazima atie sahihi. Msaidizi angekuwa nani kama si mdogo wake, msusi, ambaye saluni yake na karakana ya Bi Futi vinatenganishwa na ukuta mmoja? Fomu ikaja, maswali kumi na manne. Utashuka vipi kwenye gari. Utapita mlango upi. Kiti chako kina upana gani.

Bi Futi akapima kiti chake, ukingo hadi ukingo. Sentimita sitini na tatu. Akaandika sitini na saba.

Majibu yakatumwa kwa simu ya msusi; karatasi yenye sahihi ingefuata. Siku ya tatu msusi alimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, akaja na chanuo mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Dada, wamejibu kwa sauti. Na wanaongea lugha yetu, sikiliza."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, taratibu. "Nafasi yako iko tayari, mama. Safu ya nane, ukingoni. Upana wake sentimita sitini na tatu, kama kawaida."

Bi Futi akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Wewe uliandika ngapi?" msusi akauliza.

"Sitini na saba."

"Basi wamekosea."

"Mtu akikosea, mdogo wangu, anakosea. Huyu amepatia."

Msusi akaiweka simu sikioni tena. "Halafu mbona anaongea hivi? Kama ana kitu mdomoni."

"Labda anakula."

"Hali huyu. Kuna kitu kakibana kwa midomo." Akamtazama dada yake, ambaye wakati huo alikuwa akipinda sketi na amebana pini tatu midomoni. Alirudi kwa mteja wake, na mteja anasema siku hiyo alisukwa kwa mikono ya baridi.

Fundi hakati kitambaa bila kuchora. Bi Futi akamwuliza yule mwanamke wa viti njia ilivyo, akajibiwa hatua kwa hatua: mlango wa ubavuni, korido, kona ya kulia, mteremko, kisha safu ya nane. Karakana yake zamani ilikuwa ghala, sakafu ya saruji, ndefu. Akachukua chaki yake ya kitambaa, akachora njia yote kwa ukubwa wake halisi, mpaka kwenye mstatili mmoja ambao ndio ungekuwa nafasi yake. Kila jioni kabla ya kufunga, wakafanya mazoezi. Msusi alisimama kwenye mlango wa chaki na kukaza sauti.

"Tiketi, bibi."

"Nimeisahau nyumbani."

"Basi rudi nchini kwako."

Wakacheka. Bi Futi akaendesha kiti, akakata kona, akashuka mteremko ambao haukuwapo, akaingia kwenye mstatili na kutazama mbele. Walipochoka, msusi alimvuta kinyumenyume juu ya mistari, akafagia pasipo kugusa chaki, wakafunga, wakaenda zao nyumbani.

Paa la ghala lile hushusha vumbi jembamba kila siku, kama unga uliochekechwa. Asubuhi ya nne, walipofungua, vumbi lilikuwa limeandikwa. Magurudumu mawili yamepita mlango wa chaki, yamekata kona, yamefika kwenye mstatili, yakatulia. Upande wa kushoto, haragwe moja moja.

"Tulisahau kufagia," alisema Bi Futi.

Jioni hiyo msusi alifagia mara mbili. Ufunguo ukalala mkobani mwa Bi Futi, na kiti kikalala pale kinapolala siku zote, kando ya kitanda chake. Asubuhi maharagwe yalikuwapo tena. Na ya pili yake tena.

"Dada, labda unatembea usingizini."

"Mimi? Ningejua hivyo ningelala tangu zamani."

Msusi hakucheka safari hii. Alikuwa amechuchumaa, anafuata alama kwa kidole bila kuzigusa. "Hizi zimeingia," alisema. "Za kutoka ziko wapi?"

Hazikuwapo. Mara tatu kiti kimeingia, hata mara moja hakijatoka. Mstatili wa chaki ulikuwa mtupu, lakini hakuna kati yao aliyetaka kupitisha mkono juu yake. Msusi alisema baadaye kwamba hewa ya pale ilikuwa kama ya kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, ila hajainuka.

Wakamwuliza yule mwanamke wa viti, kwani wangemwuliza nani mwingine? Jibu likaja mchana, mdomo umebana vilevile. "Anakuja mapema, mama. Anakaa, anangoja. Atakavyotoka hatujui. Haikuandikwa."

Msusi akaiweka simu mezani kifudifudi. "Dada, nakuheshimu, lakini mwenye kutia sahihi ni mimi. Mpaka huyo aliyekaa pale atoke, sitii. Na zimebaki siku tano."

"Nimetazama migongo miaka ishirini na sita, mwana wa mama."

"Najua."

"Sitaki kingine. Uso tu."

"Najua, Dada. Siku tano."

Bi Futi akabaki peke yake na ile fomu. Akaisoma upya, swali kwa swali, kidole chini ya kila mstari. Yote kumi na manne yalikuwa ya kuingia. Hakuna hata moja lililouliza atatokaje. Akatazama mchoro wake sakafuni, nao ni vilevile: mlango wa kuingilia, korido ya kuingilia, kona ya kuingilia. Shuleni, hospitalini, ofisini, maisha yake yote watu walikuwa wakimhangaikia aingie vipi, na akishaingia kila mtu hupumua na kwenda zake. Naye alikuwa amejichorea hivyohivyo kwa mkono wake mwenyewe. Amekata nguo isiyo na pa kuvulia.

Akashika chaki. Kutoka kwenye mstatili akachora njia ya kutokea, akaipinda taratibu kwa sababu kiti hakigeuki kama miguu, akaifikisha mlangoni. Upana sentimita sitini na saba. Kisha, bila kuwa na hakika anamwambia nani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mteja, "Nimekuachia nafasi."

Asubuhi msusi ndiye aliyesukuma mlango. Maharagwe yalikuwa yametoka. Yamefuata njia mpya, yakajaza kona vizuri, mpaka karibu na mlango.

"Ametoka," alisema msusi, na sauti ikamlegea. "Lete kalamu."

Akatia sahihi palepale, karatasi juu ya goti. Bi Futi yeye alikuwa bado anatazama chini. Maana alama hazikupita mlangoni. Hatua mbili kabla, zilikunja kushoto na kwenda kuishia ukutani, upande ule ambako, kama angeendelea kuchora, lingekuwa jukwaa. Aliliona hilo, akalimeza. Siku zilikuwa nne.

Wakasafiri, wakafika, na onyesho lilikuwa la alasiri. Mlango wa ubavuni ulikuwapo, korido ilikuwapo, mteremko ulikuwapo, kila kitu mahali chaki ilipokiweka. Asiyekuwapo ni yule mwanamke. Msusi aliuliza kwa mikono na vidole. Kwenye dirisha la viti wakamwonyesha wanaume wawili wenye miwani, wasiojua hata salamu ya lugha yetu. Safu ya nane, kiti kikaingia kwenye nafasi yake bila kuacha hata upenyo wa kucha. Sitini na tatu kamili. Bi Futi alihisi kama amevaa nguo ya mtu mwingine anayelingana naye sana.

Taa zikazimwa. Pazia likafunguka.

Mfalme akatoka, mtu mzima, joho limemshukia mpaka chini, na Bi Futi akamwona uso. Kwa mara ya kwanza ukiwa umeelekea watu. Aliona kwamba ana kovu jipya kwenye nyusi, kwamba macho yake yana huzuni kuliko mabega yake. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta, asije akapitwa.

Lakini Mfalme haanzi. Amesimama katikati, midomo imefunguka kidogo. Watu wakaanza kukohoa. Katika jumba zima ni mtu mmoja tu aliyejua anangoja nini, na mtu huyo alikuwa safu ya nane gizani. Bi Futi akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, lakini taa zilimpiga Mfalme machoni, asione kitu mbele yake.

Ndipo Mfalme alipogeuza shingo, akatazama kushoto, kwenye upindo wa pazia. Mabega yakamshuka. Akashusha pumzi, akaanza kusema.

Bi Futi akafuata macho yake. Ukingoni mwa pazia, chini, palikuwa na nusu ya gurudumu. Kiraka cha ngozi kimeelekea juu. Mkono wa msusi ulikuwa tayari umembana bega, na ulimbana hivyo mpaka mwisho wa mchezo. Bi Futi hakutazama tena pembeni. Alimtazama Mfalme, uso, uso mtupu, hadi pazia lilipofungwa.

Baadaye Mfalme akaja mbio, jasho linamtiririka, akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, wewe ni mbishi. Nimekupa kiti cha mbele, ukaenda kukaa kulekule pembeni. Na pini zako mdomoni."

"Vifungo vilikuwa vimefungwa?" Bi Futi akauliza.

"Vyote. Si uliniitikia mwenyewe?"

"Basi vizuri, mwanangu. Umependeza kwa mbele."

Mfalme alipokwenda kubadilisha nguo, Bi Futi akaomba asukumwe mpaka pembeni mwa jukwaa. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na pini moja, imesimama wima katikati ya mbao mbili. Akaiacha. Akatoa chaki mfukoni, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, na kwenye mbao nyeusi akachora njia, kutoka upindo wa pazia hadi mlango wa mizigo, akiongeza vidole viwili.

"Tumngoje?" msusi akanong'ona.

"Hapana. Huyo hatoki mpaka watu wote waondoke."

"Umejuaje?"

Bi Futi akafuta chaki mikononi kwa pindo la kanga yake. "Miaka ishirini na sita," alisema, "mimi nilikuwa natoka saa ngapi?"