Mkaguzi Cosmas Aenda Kukagua Ukweni

Wilayani Rungwe neno gredi halina mwenyewe. Kiwandani chai ina gredi zake, wala hazihusiani na za parachichi, ambazo mnunuzi hupanga kwa ukubwa na madoa. Mfugaji akikwambia ana ng'ombe wa gredi, anasifia damu ya kigeni na ndoo ya maziwa. Mwanafunzi akilitaja, ujue matokeo yametoka na nyumbani hakuna amani. Kila mtu hulitumia kwenye kazi yake, jioni akaliacha hukohuko.

Cosmas hakuliacha. Yeye ni mkaguzi wa shule, mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa Tukuyu kikazi, na gredi alirudi nayo hadi nyumbani kwake Bulyaga. Mahubiri ya Jumapili, C. Ndizi za mkewe Modesta, B, chumvi imezidi. Msibani alilipatia jeneza alama kabla hajatoa pole! Watu walicheka naye usoni, wakamcheka kisogoni.

Mwaka huu binti yake Aika, muuguzi, akachumbiwa na Gwakisa wa Lupepo. Alimpenda kijana yule kufa, na hofu yake ilikuwa moja tu, baba yake. Posa ikapokelewa, ikabaki kutangaza siku ya harusi. Hapo Cosmas akasema anakwenda kukagua ukoo, na Aika amfuate. Na mkaguzi, kama tujuavyo, hatoi taarifa.

"Baba, huku watu hawaendi hivyo," Aika akasema. "Halafu mimi kwa baba mkwe..."

"Shule iliyojiandaa haikaguliki. Ingia garini."

Walimkuta Mzee Asajile, baba yake Gwakisa, akimkatia ng'ombe majani. Akamwona Cosmas, akatabasamu. Kisha akamwona Aika anashuka. Akatupa panga, akageuka, akatokomea migombani kama aliyeona nyoka. Mkewe, Tulinagwe, akatoa kiti, akaleta chai ya maziwa na magimbi. Aika akajitanda kanga usoni, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Cosmas alikunywa chai macho yakiwa migombani. Alisubiri weee. Uvumilivu ulipomwishia akasimama katikati ya uwanja, majirani wameshajaa.

"Mzee mzima anamkimbia mgeni! Nyumba, B. Chai, A. Adabu ya mwenye nyumba, F. Binti yangu haolewi hapa!"

Jamani, kuna watu wana ulimi usio na breki. Tulinagwe akaweka birika chini.

"Pole, baba. Adabu ndiyo iliyomkimbiza. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Vijana wameacha, mzee wangu hajaacha. Angebaki hapa akamkodolea macho, hapo ndipo angekuwa amemkataa mtoto wako."

Mwenye haya angeomba radhi. Cosmas alikohoa, akasema basi atarekebisha, iwe B. Majirani wakaangua kicheko.

Aika akatokea nyuma ya nyumba, kanga bado usoni.

"Baba, yule mzee hata sura yangu hajaitazama, na amenipokea. Wewe umenitazama tangu nazaliwa, na mpaka leo unanipima."

Cosmas akaendesha gari hadi Bulyaga bila kutoa gredi hata moja. Huyo alikuwa amezoea kunyamazisha walimu wakuu.

Ujumbe ulikuja kutoka Lupepo. Hakuna tarehe ya harusi mpaka mkaguzi alete ng'ombe wa kusafisha maneno yake. Akampeleka. Wazee wa ukoo wakamzunguka yule ng'ombe, wakampapasa mbavu, wakamfungua mdomo, wakatazama meno, wakanong'onezana Kinyakyusa. Cosmas alisimama pembeni, mikono nyuma, jasho likimtoka kwenye baridi yote ile.

"Amekonda," wakasema. "Kalete mwingine."

Akaenda, akaleta mwingine. Huyu wakampokea, tarehe ikatangazwa palepale, na vigeligele vya akina mama vikasikika hadi barabarani. Lakini mazoea yana taabu. Cosmas akamsogelea Mzee Asajile, ambaye safari hii hakukimbia kwa kuwa Aika hakuwepo, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Sasa, mzee mwenzangu, tumepata gredi gani?"

Asajile akamshika ng'ombe kamba, akampapasa shingo.

"Ng'ombe amefaulu," akasema. "Wewe bado tunakuangalia."