Jina Asilolitaja Jerop

Kwa miaka kumi na moja ya ndoa, Jerop hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake. Kwao mke hamwiti baba wa mumewe kwa jina, hata nyumba ikishika moto. Alimwita mzee, na mambo yakaenda.

Lakini tangu afiwe na mkewe, mzee Kemboi alikuwa amehama. Mwili ulibaki Mau Narok, katikati ya ukungu na ngano ya mzungu mwenye shamba. Akili ilirudi enzi za ujana wake, alipokuwa akiswaga maksai wa plau. Maksai wenyewe walikufa zamani, trakta ikarithi kazi yao. Kila asubuhi aliingia kwenye ngano akiwapigia mluzi, akiwageuza taratibu mwisho wa mtaro, na Mungu amsamehe Jerop, ilikuwa raha kumtazama. Ila mzee hakumtambua tena Jerop. Mwaka wa pili sasa alimwangalia kama mpita njia.

Ngano ikalala kwa kukanyagwa. Omolo, nyapara, akaapa kwamba akimkuta humo tena atampakia kwenye lori apelekwe mbali, hospitali ya wagonjwa wa akili. Jerop aliogopa kwamba mzee atafia huko kati ya watu wasiojua hata lugha yake. Na mumewe, Kiplangat, alikuwa Nakuru kwenye kazi ya reli.

Jumanne akaja Wamalwa, dresa aliyezunguka mashamba kwa baiskeli na mkoba wa dawa. Alikaa na mzee mchana kutwa, akaacha vidonge vya usingizi.

"Mama, huyu si mtu wa kufungwa kamba," akasema. "Akitoka, mfuate. Usimvute. Simama mbele yake, umwite jina pole pole mpaka arudi."

"Nitamwita mzee."

"Huko aliko yeye ni kijana, mama. Atashangaa mzee ni nani."

Kweli. Kesho yake Jerop alipoita mzee, Kemboi aligeuka nyuma, akasogea kando kwa adabu ili huyo mzee apite. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Waliosema hawakuwa na mkwe aliyepotelea kwenye ngano.

Alhamisi lori likaja, mzee akiwa tayari kwenye ngano. Omolo akashuka na kamba. Jerop akakimbia, umande ukimlowesha hadi kiunoni, akasimama mbele ya maksai wasioonekana. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Kemboi," akasema.

Mzee akasimamisha maksai wake, akamtazama.

"Wewe nani?"

"Ni mimi Jerop. Bibi ya Kiplangat."

"Uongo!" Mzee alikasirika. "Jerop namjua. Yule ana heshima. Hawezi kunitaja jina."

Jerop akaangua kilio cha furaha bila kujificha. Miaka miwili yote, kumbe alikuwa anakumbukwa.

"Basi twende tumtafute," akasema.

Mzee akakubali. Omolo aliwaona wakitoka kwenye ngano, mzee ametulia, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Akamwambia dereva ageuze lori. Nao wakapanda kilima kuelekea nyumbani, mzee akiuliza njia nzima kama Jerop atakuwa ameshachemsha chai.