Mlango wa Nyuma wa Pwani

Tangu nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja sijawahi kuketi katikati ya ukumbi wowote. Kanisani nakaa karibu na mlango, na hata hapo nainuka mara mbili tatu kabla ibada haijaisha. Wanangu wamenizoea hivyo. Mdogo wao aliwahi kuniuliza mbona situlii, nikamwambia miguu inaniuma. Haikuwa kweli.

Watu wa Kakamega wa rika langu wanaikumbuka Pwani. Hilo si jina lililoandikwa langoni, ni sisi tuliopaita hivyo. Mwenye mahali pale alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alinunua kipande cha ardhi kando ya bwawa nje kidogo ya mji, akaamua kutuletea bahari. Alimwaga mchanga wa malori kadhaa ukingoni mwa maji. Kuta alizipaka samawati na kuzichora mawimbi. Makuti ya kuezekea aliyaagiza kutoka pwani kwenyewe. Kulikuwa na bembea, mashua mbili za makasia, sakafu laini ya kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na ukumbi wa video ambao kuta zake zilifunikwa kwa sponji na mapazia mazito ili mwanga usiingie na sauti isitoke. Jumamosi na Jumapili ungewakuta huko makarani, walimu, wauza nguo wa sokoni, wanafunzi, na familia kutoka Mumias zilizobeba chakula chao kwenye vikapu. Wengi wetu hatukuwa tumeiona bahari hata siku moja. Tulivua viatu, tukatembea juu ya mchanga ule kwa adabu, kama watu waliokaribishwa sebuleni kwa mtu.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, alikuwa mfanyakazi wa pale. Ndiye aliyewafundisha watu kuteleza. Mimi nilikuwa nasomea umeme katika chuo cha ufundi cha Sigalagala, mmoja wa wasichana wawili tu darasani, na kila Jumamosi nilikuja kumwona. Mlangoni nilipitishwa bure na dada aliyeuza tiketi. Alikuwa mtu wa Mumias, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri siku zote, na mzaha wake aliutoa kwa sauti ya chini hivi kwamba ulicheka baada ya yeye kuondoka. Kaka yangu alimpenda. Sote tulijua, ila yeye alidhani ni siri yake.

Mwezi wa kumi na moja, nikiwa ndani ya ukumbi wa video, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Niliifuata mpaka kwenye soketi nyuma ya pazia. Niliigusa nikaondoa mkono haraka. Runinga, deki, spika na feni mbili zote zilikuwa zinavuta umeme kutoka kwenye waya mmoja mwembamba.

Nilimtafuta mwenye mahali pale nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima, hilo siwezi kumnyima. Aliniambia fundi wake anafanya kazi ya umeme tangu sijazaliwa, na kwamba sikukuu zikiisha atamwita aitazame. Nilipomwambia kaka yangu, aliniomba nisimharibie kazi. Basi nikanyamaza. Jumamosi iliyofuata niliingia tena bure, nikatazama filamu.

Kulikuwa na jambo lingine nililolijua. Vijana walikuwa wanapenya kwa mlango wa nyuma wa ukumbi, kwa hiyo mwenyewe aliamuru ufungwe kwa mnyororo na kufuli kila filamu inapoanza. Ufunguo alipewa kaka yangu.

Ningependa kusema kwamba siku yenyewe niliamka na wasiwasi. Sikuamka nao. Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Desemba, saa tisa mchana, jua kali, na nilikuwa nimekaa ukingoni mwa bwawa nikila mahindi ya kuchoma. Mtu mmoja aliyekuwa kwenye mashua alinyoosha kidole juu ya kichwa changu. Nilipogeuka, moshi ulikuwa unatoka kwenye makuti kama unavyotoka jikoni asubuhi, mwembamba, bila haraka. Halafu paa lote likashika.

Kaka yangu alikuwa kwenye sakafu ya kuteleza, amevaa viatu vya magurudumu. Alianza kukimbia navyo akaanguka, akainuka, akaanguka tena kwenye mchanga. Nilimkuta anavuta kamba za viatu na vidole haviwezi kuzifungua. Nilizikata kwa meno. Aliniambia ufunguo umo ndani ya suruali yake, na suruali aliitundika kwenye chumba cha wafanyakazi, ambacho kilikuwa upande wa mbele, na upande wa mbele ndio uliokuwa unawaka zaidi.

Tulikimbilia nyuma. Walio ndani walikuwa wanaupiga mlango, nasi tunaupiga kutoka nje. Kaka yangu aliushika mnyororo kwa mikono mitupu ilhali chuma kilikuwa tayari cha moto. Wanaume wawili walikuja na jiwe kubwa, wakagonga mpaka bawaba zikang'oka. Walitoka watu, wakikanyagana, wengine wakiwa wamebebwa. Hawakutoka wote. Bwawa zima la maji lilikuwa hatua thelathini kutoka pale, nasi tulikuwa na ndoo tatu.

Dada wa tiketi kibanda chake kilikuwa nje, mbali na moto. Angeweza kubaki. Walioona walituambia kwamba aliingia kwa mlango wa mbele akatoka na watoto wawili, akaingia tena akatoka na mmoja, na alipoingia mara ya tatu paa likashuka.

Wiki zilizofuata kaka yangu alikaa nyumbani, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Mama alimlisha tonge za obusuma, ugali wa kwetu, kama mtoto mdogo. Hakulia wala kuongea. Mimi sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliokwisha fagiliwa, nilitoka nikaenda hadi barabarani nikarudi, nikaenda tena. Mama aliniambia nitaichimba njia kwa nyayo.

Nilipoitwa kwenye uchunguzi, kaka yangu alizungumza nami kwa mara ya kwanza tangu moto ule.

"Ukiulizwa juu ya mlango," alisema, "sema hujui."

Nilieleza habari ya soketi, mwanzo hadi mwisho. Afisa aliandika. Kisha akaniuliza nani alikuwa anaufunga mlango wa nyuma. Nilisema sijui. Mwenye Pwani alikubali kwamba amri ilikuwa yake, akashtakiwa, na kabla kesi haijasikizwa akafariki kwa ugonjwa. Aliyeitekeleza amri hakutafutwa.

Kaka yangu alipopona alikwenda Malava kuuza nafaka, akaacha. Akarudi mjini, akaondoka, akarudi. Hakuna kitanda alicholalia miezi mitatu mfululizo. Ilipita karibu miaka miwili hivi. Siku moja alinikuta nafua, akasimama mbele ya beseni.

"Twende Mumias," alisema. "Peke yangu sitafika."

Tulifika kwa baba yake yule dada baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa mzee mfanyabiashara wa nguo, amekaa kwenye mkeka barazani. Kaka yangu alitoa salaamu aleikum, mzee akaitikia, tukaletewa chai. Kaka yangu hakuigusa. Alieleza yote: mlango, mnyororo, ufunguo, suruali, mpaka jinsi alivyomwangalia binti wa mzee yule kila Jumamosi na asiseme neno. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, niliinuka nikasimama, halafu nikaona aibu nikakaa tena.

"Mwanangu alikuwa upande gani?" mzee aliuliza.

"Upande wa mbele, Baba."

"Basi si mlango wako uliomchukua. Lakini wapo uliowachukua. Kwao umekwenda?"

Kaka yangu alitikisa kichwa.

"Nenda," mzee alisema. "Hapa umekuja mahali pepesi."

Kisha akanigeukia, akaniuliza mimi nilikuwa wapi katika mambo hayo. Nilimwambia kwamba niliulizwa na nikasema sijui. Alinitazama kidogo, bila ukali.

"Basi mfuate ndugu yako," alisema.

Tulizunguka miezi mitano, Jumapili baada ya Jumapili. Nyumba moja walitufungulia na kutufungia hapo hapo. Nyingine mama mmoja alichinja ingokho, kuku wa mgeni, akatulisha, akasikiliza, halafu akatuomba tusirudi tena. Baba mmoja alimpiga kaka yangu kofi, naye akasimama wima kana kwamba anangoja la pili. Mvulana mmoja aliyenusurika alitaka tu kujua kama waliokuwa nje waliwasikia wa ndani wakigonga. Kaka yangu alimwambia tulisikia.

Katikati ya mizunguko hiyo nilirudi kwenye ofisi ya yule afisa nikasema nataka kurekebisha maneno yangu kuhusu mlango. Karani hakujua faili liko wapi. Alinipa karatasi, nikaandika kurasa mbili nikiwa nimesimama, akaipiga muhuri na kuiweka juu ya rundo. Sijui kama iliwahi kusomwa.

Kaka yangu sasa anaishi Malava, ana mke na duka la vipuri vya baiskeli, na siku hizi analala. Ananiambia hivyo kwa simu kama mtu anayetoa habari njema ya mtoto kufaulu mtihani. Mimi nafurahi kwa ajili yake.

Familia moja hatukuipata. Walikuwa wapangaji karibu na soko, walifiwa na mabinti wawili, na kabla ya matanga kwisha walihama. Jirani mmoja alisema walikwenda Kitale, mwingine alisema Busia. Nimekwenda kote kuwili. Mwaka jana mwanamke mmoja aliniambia amewahi kumsikia mtu mwenye jina la ukoo wao huko Bungoma. Jumamosi hii sina kazi, nitakwenda kuuliza.